Bwana Mizani na Mstari wa Arobaini na Moja

Kabla sijasema marehemu alizaliwa lini, niondoe jambo moja njiani, maana najua hamtasikiliza tarehe huku macho yenu yako kwingine. Binti aliyekaa kwenye safu ya familia, mwenye gauni la kijivu, si mtoto wa nje wa mume wangu. Nimesikia yaliyosemwa jikoni tangu Jumanne, na waliosema walikuwa wameshika vikombe vyangu. Nimesikia pia kwamba mume wangu alikuwa na tabia ya kufuata wanawake barabarani, kwamba alivuruga vitabu vya hospitali, na kwamba mimi nilimnyima neno moja akiwa anakata roho. Katika hayo manne, la binti ni uongo. Matatu yaliyobaki yana ukweli ndani yake, na kwa kuwa yamesemwa vibaya, nitayasema sawasawa. Nimefundisha miaka thelathini na minne. Sijazoea kuacha kosa ubaoni.

Marehemu mume wangu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Bwana Mizani, alizaliwa tarehe 14 Machi 1956, mtoto wa tatu kati ya sita wa fundi cherehani na mkewe, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali. Alizaliwa kabla ya miezi kutimia. Mizani ya watoto haikuwepo karibu, hivyo baba yake alimpeleka kwa jirani muuza nafaka, akapimwa kwenye sinia la mchele: kilo moja na gramu mia nane. Mwenye duka akauliza, "Fundi, nikufungie kwenye gazeti au utambeba hivyo hivyo?" Mama mkwe wangu alipenda kuisimulia hadithi hiyo akicheka mpaka machozi. Kisha alijifuta uso na kusema kwamba siku ile hakucheka mtu.

Alianza shule ya msingi mwaka 1964 na kumaliza sekondari mwaka 1974. Tangu darasa la tano alikuwa kiranja wa mahudhurio. Dada yake mkubwa, ambaye yupo nasi hapa, anakumbuka kwamba hakuwahi kumwandika mwenzake mtoro. Akiona dawati liko wazi, aliomba ruhusa, akakimbia mpaka kwa akina huyo mwenzake, akarudi na jibu: anaumwa, amefiwa, ametumwa. "Walimu walimchoka," anasema wifi yangu. "Walitaka alama tu, yeye anawaletea habari." Kuanzia 1975 hadi 1978 alisomea uuguzi, akafaulu vizuri.

Tulikutana mwaka 1981, alipokuja shuleni kwetu kupima watoto. Alitaka kwanza kuhakikisha mizani haijapotoka, akaniomba nipande. Nikamwambia mwalimu hapimwi mbele ya wanafunzi. Akasema, "Basi, mwalimu, napanda mimi kwanza, na wewe usome kwa sauti. Tukiaibika, tuaibike wote." Watoto walishangilia. Sikupanda. Tulifunga ndoa Jumamosi tarehe 6 Agosti 1983, na uzito wangu hakuujua mpaka nilipopata mimba ya binti yetu.

Marehemu aliajiriwa hospitalini Julai 1978 na hakuhama mpaka alipostaafu mwaka 2016. Kuanzia 1998 alisimamia wodi ya lishe, chumba cha vitanda vinane chenye dirisha linaloangalia kamba za kuanikia mashuka, ambako watoto wenye utapiamlo mkali hulishwa maziwa maalumu kidogo kidogo kila baada ya saa tatu. Kazi yake ilikuwa pamoja na kujaza kitabu kikubwa cha wodi. Mwisho wa kila mstari wa kitabu hicho paliandikwa moja kati ya maneno manne: amepona, amehamishwa, amefariki, ametoroka.

Hapa ndipo maneno yenu yalipoanzia. Siku hizo, mtoto akifa wodini, mwili haukutoka bila kibali, na kibali kilichukua siku mbili, wakati mwingine tatu. Mama amekaa kwenye benchi la nje, maziwa yamemjaa, anasubiri sahihi. Kwa hiyo akina mama walijifunza njia nyingine. Mtoto akishakata roho, mama hakulia. Alimfunga mgongoni kwa mbeleko, akamlaza kichwa kama aliyesinzia, akapita getini mchana kweupe akimwamkia mlinzi. Mume wangu aliwaona. Wengine aliwakazia mbeleko kwa mikono yake mwenyewe. Kisha alirudi mezani na kuandika kile ambacho kwa kanuni za hospitali kilikuwa kimetokea: mgonjwa ameondoka bila ruhusa. Ametoroka.

Aliandika hivyo mara arobaini na moja katika miaka miwili, 2003 na 2004. Alifanya kwa huruma, na sitamruhusu mtu aseme vinginevyo.

Mwaka 2004 hospitali tisa zilikubaliana kuweka takwimu zao za utapiamlo pamoja. Kila mwezi kila hospitali ilijaza fomu moja: wangapi wameingia, wangapi wamepimwa joto na sukari, wangapi wamelishwa kwa saa, wangapi wamekufa, wangapi wametoroka na umri wao. Kila robo mwaka wasimamizi walikutana na takwimu zikabandikwa ukutani, kila hospitali kwa jina lake. Yetu ilikuwa ya kwanza. Daktari mkuu wetu alipigiwa makofi, na wageni wakaanza kuja kujifunza kwetu.

Katika mkutano wa Machi 2005 alisimama muuguzi mmoja mama, mnene, mcheshi, kutoka hospitali iliyokuwa ya saba. Alikuwa ameshika karatasi yetu. "Kaka yangu," akamwambia mume wangu, "nina swali dogo. Watoro wenu hawa wote hawajafikisha mwaka mmoja. Wametoroka kwa miguu ipi?"

Ukumbi ukacheka. Yeye mwenyewe alicheka, maana alidhani ni kosa la karani. Mume wangu hakucheka. Alirudi nyumbani, akakaa na viatu vyake miguuni, chakula kikapoa. Nikamuuliza kuna nini. Akasema, "Mama watoto, sisi ndio wa kwanza kwa sababu mimi nimewaficha."

Nilimwambia asijitese, kwamba aliwasaidia wale akina mama. Akajibu, "Niliwasaidia waliotoka. Wanaoingia je? Hakuna anayeuliza kwa nini watoto wanakufa kwetu, maana kwa karatasi hawafi."

Tangu Aprili hadi Novemba mwaka ule, kila siku yake ya mapumziko, alipanda baiskeli na kwenda nyumba kwa nyumba na orodha yake. Hakuvaa sare. Alibisha hodi, akauliza habari ya mtoto, akasubiri mpaka ajibiwe. Baadhi walimkaribisha. Mama mmoja alimmwagia maji machafu, naye akashukuru, akaandika. Watoto thelathini na saba walikuwa wamekufa wodini kama alivyojua. Watatu alikuwa amewadhania wamekufa, kumbe walisinzia kweli. Aliwakuta wanakimbia uani. Mmoja hakumpata. Nyumba iliyotajwa kitabuni ilikuwa imebomolewa, na majirani hawakukumbuka mtu. Mstari huo, wa arobaini na moja, ni wa mtoto wa kike wa miezi minane, kilo nne na gramu mia sita, aliyeingia Oktoba 2004 na kutoka siku ya pili pamoja na bibi yake aliyemleta. Mume wangu hakuwapo walipotoka. Aliikuta mbeleko haipo, akaandika neno alilozoea.

Alisahihisha mistari arobaini kwa wino mwekundu, akaweka sahihi na tarehe kwenye kila mmoja, akapeleka mkutanoni. Kutoka ya kwanza tukawa ya tisa. Daktari mkuu alimwita ofisini, mlango ukiwa wazi, na nusu ya hospitali ikasikia. "Umetuvua nguo mbele za watu!"

"Daktari, tulikuwa uchi siku nyingi," akasema. "Mimi nimewasha taa tu."

Huko ndiko kuvuruga vitabu kunakosemwa. Takwimu za kweli zilionyesha kitu ambacho hakuna aliyekuwa amekiona: wengi wa watoto wetu walikufa ndani ya siku ya kwanza, baada ya kukaa kwenye foleni ya mapokezi kuanzia asubuhi hadi alasiri, wamelowa, bila kulishwa. Hospitali ya saba, ya yule mama mcheshi, ilikuwa ikiwapima watoto na kuwapa maji ya sukari palepale kwenye foleni; wakatufundisha. Mizani ikahamishiwa benchi la mapokezi, blanketi zikaletwa, na kila mlo wa maziwa ukawekewa sahihi ya aliyeutoa. Kibali cha maiti kikawa kinaandikwa wodini ndani ya saa moja, na hilo alilipigania mwenyewe mpaka sauti ikamkauka. Kabla ya hapo, mtoto mmoja kati ya wanne waliolazwa alikufa. Kufikia mwisho wa 2008 alikuwa mmoja kati ya kumi na wanne. Hospitali nyingine nazo zilifungua safu zao za watoro na kuangalia kilichomo. Walioangalia wanajua walichokikuta.

Alipongezwa. Hakupona. Ndiyo, mume wangu alifuata wanawake barabarani. Akimwona mwanamke amebeba mtoto aliyesinzia, aliacha alichokuwa akifanya na kutembea nyuma yake, hatua kumi, hatua mia, mpaka mguu wa mtoto utikisike. Ukitikisika, aligeuka na kurudi. Siku moja, kwenye kituo cha basi, dada mmoja alimgeukia: "Mzee mzima, huna haya? Unanifuata tangu sokoni!" Mume wangu akavua kofia. "Nisamehe, mwanangu. Nilikuwa nasubiri mguu." Nilikuwa naye. Nilikuwa naye karibu kila mara, nimebeba kikapu, na nilijifunza kusubiri pamoja naye bila kusema. Hata sasa nasubiri. Jana, katikati ya msiba, nilijikuta nimesimama nyuma ya mpwa wangu na mwanawe, nikihesabu.

Alianza kuugua figo mwaka 2021. Alilazwa mara sita, na kila mara alimuuliza muuguzi kama kitabu cha wodi kimejazwa. Mwezi wa mwisho alikuwa nyumbani, katika chumba cha mbele. Kila asubuhi aliniuliza, "Mstari ule umejibiwa?" Nami nilijibu, "Bado." Jumapili tarehe 9 Juni 2024 aliuliza tena, kwa shida. Mwanangu alinivuta pembeni. "Mama, mwambie umejibiwa. Mwambie yuko hai. Baba aende ametulia." Nilirudi kitandani, nikamshika mkono, nikasema, "Bado." Akanitazama, akasema, "Vizuri. Usiandike usichokijua." Alifariki saa mbili na dakika ishirini asubuhi, akiwa na miaka sitini na minane. Hilo ndilo neno nililomnyima. Mwanangu hajasema nami vizuri tangu siku hiyo, na simlaumu.

Jumanne, siku mbili baadaye, binti huyu alibisha hodi. Alisikia redioni tangazo la kifo cha msimamizi wa zamani wa wodi ya lishe. Alikuwa na kadi ya kliniki ya mtoto, imekunjwa mara nne, na ndani yake kuna mwandiko wa mume wangu: kilo nne na gramu mia sita, Oktoba 2004. Namba ya kadi imeliwa na maji. Jina lake si lile lililo kitabuni. Anasema bibi yake alimwambia kwamba aliona mtoto hana siku, akaamua akamfie nyumbani, akambeba. Na mtoto hakufa. Bibi huyo alifariki mwaka jana. Hakuna mwingine wa kuulizwa.

Marehemu ameacha mjane, binti mmoja mpimaji ardhi, mwana mmoja fundi umeme, wajukuu watano, dada yake mkubwa na mdogo wake wa mwisho.

Kuna walionishauri nichukue wino mwekundu, niandike "hai" kwenye mstari wa arobaini na moja wa kitabu kile, ambacho hospitali ilimwachia alipostaafu, tumzike mume wangu na kitabu kilichokamilika. Nimekataa. Neno lililoandikwa bila kuonwa ndilo lililotuletea haya yote. Nafasi hiyo iko wazi, nami naiacha wazi. Lakini binti amekuja kulia, na anayelia na sisi hukaa na sisi. Jana alisinzia kwenye kiti cha mume wangu, nami nikasimama mlangoni mpaka mguu wake ulipotikisika.

Mume wangu na alale kwa amani, asimfuate mtu tena. Zaidi ya hapo sisemi, wala nisiulizwe.