Kwa Miguu Hadi Kaburi la Mama

Shikamooni wazee wangu, nanyi wenzangu wa jumuiya nawasalimu. Nitasema nikiwa nimeegemea fimbo hii, mnivumilie.

Wengi mnajua mimi ni mtu wa Mbamba Bay, nimeolewa huku Matiri. Masika yale mama yangu alipofariki, mvua ilikuwa imekata barabara, magari hayashuki. Nikaondoka kwa miguu na wifi yangu, dada wa mume wangu, kwa njia ya milimani. Wifi alijitwika sufuria yenye unga wa msibani, mimi nilibeba nguo.

Msituni mimi nilikuwa mbele. Kwenye kona nikakutana na mbogo, peke yake, karibu kiasi cha kusikia pumzi zake. Waya wa mtego ulikuwa umezama kwenye nyama ya mguu wake, kidonda kinanuka. Ndugu zangu, nawaambia, mnyama yule hakuwa adui yangu. Alikuwa na maumivu, na mimi ndiye niliyetokea. Kama humu yumo anayetega waya, simjui wala simtafuti, namwomba tu akautegue.

Alinirusha. Nikaangukia korongoni, nyonga ikavunjika, naye akawa anachimba ukingo kwa pembe akinitafuta. Wifi angeweza kukimbia. Alipanda juu ya mwamba, akamwaga unga wote, akagonga sufuria kwa jiwe mpaka mbogo akageuka akaingia vichakani. Watu waliokuwa wakipalilia kahawa ng'ambo ya bonde wakasikia, wakaja wakafunga machela ya miti na kanga.

Mama alizikwa nikiwa hospitali.

Mfupa uliunga, lakini mimi mwenyewe sikupona. Mbuzi akitikisa majani ya migomba, natokwa jasho. Niliacha kwenda shamba, nikaacha hata kuja hapa. Mlikuja nyumbani mkaniambia nisiogope, Mungu yupo. Mnisamehe, maneno yale yalinichosha. Nilijiona mtu asiye na imani.

Kiangazi wifi akaja, akaketi nami jikoni. Akasema, "Barabara imetengenezwa, wifi, lakini gari halitakuondolea kitu hiki. Tupite milimani tukaone kaburi la mama. Hata mimi naogopa."

Hakuna aliyewahi kuniambia hivyo. Miezi yote ile nilidhani hofu ni yangu peke yangu.

Tulikwenda, na baadhi yenu kina mama mlitusindikiza. Matawi yalipotikisika juu yetu niliketi njiani. Walikuwa mbega, na watoto wao wamewashika tumboni. Hakuna aliyenicheka wala kuniharakisha. Mliketi chini pamoja nami. Mbega wakatutazama, wakaendelea kula majani yao. Nililia, kisha nikainuka.

Kaburi lilikuwa limeota nyasi. Nilizing'oa kwa mikono, nikamwambia mama nimechelewa, lakini nimefika.

Namshukuru Mungu. Nawashukuru wale wapalilia kahawa, ambao majina yao siyajui mpaka leo, na mume wangu aliyenipikia na kuniogesha bila kununa. Na wewe wifi, uliyeinamisha kichwa hapo nyuma, nakushukuru.

Ndugu zangu, katika nyumba zetu wapo waliojifungia na hofu zao, na nyingi si za mnyama. Usisimame mlangoni ukamwambia mtu asiogope. Ingia, keti, umwambie na wewe unaogopa. Kisha mwende pamoja.