Kofia Ambayo Mwalimu Fevronia Hawezi Kuifumua

Ijumaa hii, tarehe 31 Januari, Mwalimu Fevronia Semyonovna anastaafu baada ya miaka thelathini na minane ya kufundisha ushonaji katika shule yetu, hapa kando ya mto Vilyui, Siberia, ambako baridi hukata masikio. Wengi wetu tunaosoma kijarida hiki bado tuna masikio yote mawili kwa sababu yake.

Alikuja na sindano, subana ya ngozi na kofia ya manyoya ya panya wa majini. Amesema ataondoka na vitu hivyohivyo, na zawadi hataki. "Mkiniletea seti ya vikombe," alituonya, "nitanywea chai papa hapa na kuwaachia mvioshe."

Kofia yenyewe sasa ina upara. Hajashona nyingine, kwa kuwa kila ngozi aliyojiwekea iliishia kichwani mwa mtoto aliyepoteza kofia yake.

Somo lake la kwanza halijabadilika: ngozi ya manyoya hukatwa kwa wembe, upande wa nyuma, ikiwa imeinuliwa juu. Dereva wetu Prokopy aliwahi kutumia mkasi, akayanyoa manyoya pamoja na ngozi. Mwalimu alikitazama kipande kile kwa huzuni. "Prokopy, mbweha huyu umemuua mara ya pili." Tangu siku hiyo, mtu mzima na masharubu yake alikaa kila Jumanne na wasichana wa darasa la tano, akilamba uzi ili upite kwenye tundu la sindano. Kofia ilikamilika theluji ikiyeyuka. Aliivaa hivyohivyo hadi Juni, jasho likimtiririka.

Neno lake maarufu ni "Fumua." Hulisema kwa upole, kama anayekukaribisha mezani.

Desemba, sisi wa darasa la tisa tuliamua kumshonea kofia kwa siri. Baba yake Aital, mmoja wetu, alitoa ngozi ya mbweha mwekundu. Kilichobaki kilikuwa kipimo cha kichwa. Mwenzetu Keskil alimnyemelea na kamba alipokuwa akisinzia kwenye mkutano wa shule.

"Keskil," alisema bila kufumbua macho, "kama unanipimia jeneza, ongeza kidogo. Nimenenepa."

Keskil alibabaika, akasema kofia ni ya bibi yake, mwenye kichwa kama cha Mwalimu.

"Basi ileteni niione."

Hivyo ndivyo Mwalimu Fevronia alivyoanza kusimamia ushonaji wa kofia yake mwenyewe.

Hakutuhurumia. Alipuliza sikio la kushoto la kofia, manyoya yakaachana hadi ngozi ikaonekana, maana tulikuwa tumeyaelekeza mbele badala ya nyuma. "Upepo wa mtoni utaingia humu bila kupiga hodi. Huyo bibi amewakosea nini?"

"Hajatukosea, Mwalimu."

"Basi fumueni."

Tulifumua. Safari iliyofuata akaona manyoya yamenaswa ndani ya mshono, kwa sababu hatukuyasukuma pembeni kwa ncha ya sindano. Tukafumua tena. Tulianza kuogopa kwamba Ijumaa ingefika tukiwa na vipande mkononi, naye angeondoka na upara ule ule kwenye baridi hii.

Jumanne ya wiki hii aliipuliza pande zote. Manyoya hayakuachana. Akaivaa kuijaribu, akasogea dirishani kujitazama kwenye kioo, na akakaa pale muda mrefu kuliko jaribio linavyohitaji. Kisha akaivua na kuilaza manyoya kwa kiganja.

"Hii haifumuliwi," alisema. "Huyo bibi ana bahati."

Mwalimu, bibi yake Keskil ana kofia tatu na hahitaji ya nne. Hii iko chini ya kiti chako. Tunajua umekataza zawadi, lakini hii umeipitisha mwenyewe mbele ya darasa zima.

Asante kwa masikio yetu. Tunakuombea pumziko jema na miaka mingi yenye afya, na kila upepo wa mtoni ukujie kwa mbele, ukukute umeivaa.