Meko Chini ya Jiwe la Kina Tidwell

Benchi la mbele ya duka la mbegu, huku milimani kaskazini mwa jimbo la Jojia, Marekani, halijawahi kukosa ubishi. Lakini asubuhi hiyo Odell Tidwell, anayeitwa Meya ingawa hajachaguliwa hata kuwa mlinzi, alikuwa ameduwaa, kahawa inampoa mkononi. Jumapili ni siku ya kusafisha makaburi. Ukoo mzima unakuja, na yeye ndiye wa kufunua jiwe lililochongwa maneno kwamba babu yao mkuu alikuta hapa pori tupu, lisilo na mtu. Sasa jana, wakichimba shimo la kulisimamishia, wamegonga meko.

— Meko ya mawe, jamani! Na majivu yamo! Nimeyashika kwa mkono wangu huu!

— Si ya babu yako hayo? aliuliza Shemasi, mzee wa kanisa la Wabatisti.

— Babu alijenga ng'ambo ya kijito, unajua fika!

Redio, mwenye duka na mwenye habari zote za mji, alimmiminia Meya kahawa nyingine.

— Wahispania hao. Walipita wakisaka dhahabu, wakapika maharage, wakaenda zao.

— Mpita njia gani anajenga meko ya namna ile, bwana we? alisema Meya.

— Basi ni watu wa Welisi, kule Uingereza, alisema Shemasi. Walikuja na mwana wa mfalme wao zamani za kale, kabla ya Kolumbasi kuifikia Amerika.

— Mimi nasema majitu! Redio akaruka. Binamu yangu aliona mfupa wa paja urefu wa mlango!

— Aliuona kabla ya chupa au baada? aliuliza Shemasi.

Wakacheka. Meya hakucheka.

— Na Wacherokii je, wenyeji wa zamani wa hapa? aliuliza polepole.

— Acha hizo, Meya, alisema Redio. Wale walikuwa wawindaji tu, leo hapa, kesho kule. Babu zetu walipewa ardhi na serikali kwa bahati nasibu halali. Pipa likazungushwa, vikaratasi vikatoka. Kosa liko wapi?

Meya aliweka kikombe chini. Alikuwa ameogopa, na kuogopa kwenyewe kulimshangaza.

Gari lenye namba za Oklahoma likasimama. Akashuka mama mmoja wa makamo, reki mkono mmoja, maua ya plastiki mkono wa pili.

— Hamjambo wazee wangu. Naitwa Nadine Ketcher. Mimi Mcherokii. Wazee wetu walikuwa na shamba kando ya kijito chenu hiki, mpaka wanajeshi walipowatoa mezani, chakula kikiwa bado motoni, wakawahamishia Oklahoma.

Shemasi alivua kofia. Redio akashika birika asimimine.

— Nasikia Jumapili hii kila mtu anasafisha makaburi ya kwao, akaendelea kwa upole. Nami nimekuja. Ya kwetu yako upande gani?

Meya aligeuza macho upande wa makaburi ya kwao. Aliyakumbuka yale mawe ambayo babu yake alisimulia kuwa aliyakuta yamesimama kwa safu shambani, kila moja mbele ya kituta chenye urefu wa mtu, akayang'oa ili jembe lipite, akayajengea ukuta wa kuzunguka makaburi ya kina Tidwell. Ukuta ule ulimpendeza kila aliyeupita. Wiki hiyo Meya alikuwa ameupaka chokaa mwenyewe.