Salamu Baada ya Injini: Kumuaga Fundi Mbodze Kiti

Tarehe 30 Juni Fundi Mbodze Kiti anaondoka katika karakana yetu ya Mbaraki, baada ya kulitumikia shirika hili la uuguzi wa majumbani kwa miaka ishirini na sita. Wahariri wa jarida la wafanyakazi wameniomba mimi, Barnabas Wekesa, niliyekuwa msimamizi wa usafiri, niandike wasifu wake. Nimekubali kwa sababu mbili. Kwanza, hakuna aliyefanya kazi naye kwa karibu kunishinda. Pili, kuna jambo nimemficha yeye na halmashauri nzima tangu mwaka 2018, nalo lahusu asubuhi ambayo kazi yake ilikuwa ikining'inia. Madaktari wameniambia nisiweke ahadi za mbali. Basi nitalisema hapa, mbele ya wote, nikishamaliza kumsifu anavyostahili.

Mbodze aliajiriwa mwaka 2000, akiwa na stashahada ya ufundi wa magari na mikono iliyokwisha kuzoea malori ya Mariakani. Katika hafla za kuagana ni desturi kumwita mstaafu mnyenyekevu. Mbodze si mnyenyekevu, na hajawahi kujisingizia. Siku ya kwanza aliinua boneti ya gari la mkurugenzi bila kuombwa, akatikisa kichwa, akauliza ni nani aliyelifanyia unyama ule. Aliyelifanyia alikuwa amesimama nyuma yake. Wakawa marafiki baadaye, lakini ilichukua muda.

Mwaka 2016 shirika lilinunua magari madogo manane ya kuwapeleka wauguzi kwa wagonjwa. Injini zake zilikuwa za petroli, lita moja na pointi mbili tu, silinda nne, na turbo. Bi Nasiha, mwenyekiti wetu wa halmashauri, aliinama akaitazama, akauliza, "Hii ni injini au ni cherehani?" Sote tulicheka, isipokuwa Mbodze.

Alitueleza siku ile ile, huku akizunguka gari kama bibi harusi ni wake. Turbo, alisema, ni feni inayozungushwa na moshi unaotoka kwenye injini. Moshi ambao magari mengine huutupa tu, hapa hufanyishwa kazi ya kusukuma hewa ndani ya silinda, ili kijiinjini kile kipumue kama kikubwa. Ndipo kikatoa nguvu za farasi mia na tano, na kuanza kuvuta sawasawa kabla mshale wa mizunguko haujafika elfu mbili. Gurudumu la feni yenyewe laingia ndani ya kikombe cha kahawa. Nalo huzunguka zaidi ya mara laki moja na nusu kwa dakika, likiwa limewekwa juu ya utando wa oili mwembamba kuliko unywele. Mimi nimeishi na mashine tangu ujana wangu, na siku ile nilisahau kufunga mdomo.

Lakini kitu kidogo kinachofanya makubwa kina madeko yake, na Mbodze aliyajua kabla hayajatufika. Petroli ya injini hizi hunyunyizwa moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hivyo haizioshi vali za kuingizia hewa, nazo hushika masizi. Safari fupi za kisiwani, Mbaraki hadi Tudor, Tudor hadi Kizingo, huzidisha ubaya huo kwa sababu injini haiwahi kupata moto vizuri. Chumvi ya hewa yetu hushika kile kilango cha kupunguzia moshi wa turbo, kikakwama, na gari likapoteza nguvu mlimani. Koili za plagi hufa bila kuaga. Oili isipokuwa ile nyepesi inayotakiwa, au ikicheleweshwa kubadilishwa, turbo na cheni huumia pamoja.

Dawa alizibuni mwenyewe. Kila gari kwa zamu lilipandishwa hadi Mariakani, likakimbizwa mlima wa Mazeras kwa gia ya chini ili masizi yapungue. Halmashauri ilinung'unika, maana ilijulikana kwamba shangazi yake anakaa huko. "Fundi, leo ni masizi au ni wali wa nazi?" wakimuuliza. Alijibu kwamba masizi hayamzuii mtu kula.

Turbo nayo, baada ya kukimbizwa, haitaki injini izimwe ghafla, kwa sababu oili iliyobaki ndani hukaangika. Madereva walikuwa wakisahau kungoja. Mbodze akaamuru kila anayerudi kutoka safari ya mbali asizime gari mpaka asome Fatiha, na Mkristo aseme Baba Yetu, bila kuharakisha. Tangu hapo hatukuwa na turbo iliyoungua. Dereva wetu Abdulghafur, mtu wa Mji wa Kale, alisema kwamba hajawahi kuona gari linalomrudisha mtu kwenye dini.

Kubwa kuliko yote lilikuwa kimya cha asubuhi. Injini hizi hazina mkanda wa kuendeshea vali, zina cheni, na cheni hiyo hukazwa na kifaa kidogo kinachosukumwa na oili. Gari likilala usiku kucha, oili hushuka. Ukiliwasha asubuhi, kama kikazio kimechoka, cheni hulegea kwa sekunde moja ikagonga kifuniko chake, kisha oili ikapanda na kila kitu kikanyamaza. Sekunde hiyo ndiyo onyo pekee. Asiyeisikia, siku moja cheni itaruka meno, vali zitagongana na pistoni, na injini itakuwa chuma cha kuuza kwa kilo.

Kwa hivyo Mbodze alipiga marufuku salamu. Hapa Mombasa! Mahali ambapo mtu hakuulizi bei ya ndimu kabla hajajua watoto wameamkaje. Kila asubuhi watu waliingia uani wakakaa kama walio matangani, mpaka magari yote manane yawashwe moja baada ya moja.

"Fundi, sabalkheri yangu nayo mpaka itiwe oili ndiyo ipite?" Abdulghafur alimuuliza siku moja.

"Itapita gari likishasema lake. Washa, babu."

Mlio wenyewe, alisema, ni kama kayamba lililotikiswa mara moja likashikwa.

Mwaka 2018 alikosea. Alisema amelisikia gari namba tatu, tukalifungua, cheni ikakutwa nzima. Kilicholia kilikuwa kibati kilicholegea kwenye bomba la moshi. Wauguzi walihangaika na tuktuk, na mzee mmoja wa Kizingo alingoja kubadilishiwa kidonda hadi magharibi. Mbodze alisimama mbele ya halmashauri akasema, "Nimekosea. Kibati kimenidanganya." Halafu, hata mwezi haujaisha, akasema amelisikia namba tano.

Kompyuta ya kupimia haikuonyesha kasoro yoyote. Bi Nasiha hakuwa mtu mbaya, alikuwa na wagonjwa wa kufikiria. Alimwambia, "Mwanangu, siwezi kuweka gari chini kwa sikio la mtu mmoja. Kesho Bwana Wekesa atasikiliza nawe. Akisikia, lifunguliwe. Asiposikia, litaenda Kilifi na Janet kama lilivyopangwa, karakana itafungwa, magari yatatengenezwa nje, na wewe tutaachana kwa wema."

Mbodze alijibu, "Sawa, mama." Sikuwahi kumsikia akijibu kwa maneno machache hivyo.

Asubuhi Bi Nasiha alikuja mwenyewe. Aliingia na assalamu alaikum, akaikumbuka sheria, akaimeza nusu. Janet, muuguzi wa zamu, alikuwa amekwisha kupakia sanduku lake la dawa. Abdulghafur alikaa kwenye usukani. Mbodze alisimama upande wa kulia wa injini, kichwa kimeinama, macho amefumba. Mimi nilisimama mkabala naye.

Gari likawashwa. Mbodze akainua kidole kimoja, akafumbua macho.

"Bwana Wekesa?" Bi Nasiha akauliza.

"Nimeusikia," nikasema. "Kama kayamba."

"Haya. Lifungueni."

Alasiri kifuniko kilitoka. Kikazio kilikuwa kimezama, hakirudi. Kipande cha plastiki kinachoiongoza cheni kilikuwa kimepasuka, na cheni yenyewe imelegea hata ikainuliwa kwa kidole. Bi Nasiha aliomba aiguse. Aliinua, akaiachia, akainua tena, oili ikimchuruzika hadi kwenye bangili.

"Subhanallah. Na Janet angefika Kilifi na hii?"

"Pengine angefika," Mbodze akasema. "Kurudi ndiyo sijui."

Nimeona mengi yanayostaajabisha, lakini mtu kuhukumu kwa sekunde moja kitu kilichofichwa ndani ya chuma, akaweka riziki yake juu ya hukumu hiyo, na chuma kikafunguliwa kikamkubalia, hilo naliwaza hadi leo kitandani. Magari yote manane yalibadilishiwa cheni na vikazio. Karakana haikufungwa. Magari hayo sasa yamepita kilomita laki mbili kila moja, na hakuna injini hata moja iliyokufa. Moja ndilo linalomleta Janet nyumbani kwangu Tudor kila Jumanne kunitazama.

Mimi nami nilipata sifa. Watu walisema karakana ya Mbaraki ina masikio mawili, moja la Mbodze na moja la Wekesa. Bi Nasiha alilitaja sikio langu katika hotuba nilipostaafu, mkapiga makofi, nami nikainamisha kichwa kama mwenye haya.

Fundi Mbodze, kwa niaba ya wauguzi uliowafikisha, wagonjwa ambao hawakujua jina lako, na madereva uliowafundisha kusali, pokea shukrani zetu. Pumzika Mariakani kwa afya, ule wali wa shangazi bila kuulizwa na mtu, na Mungu akuzidishie miaka ya raha kuliko ile uliyotupa sisi.

Sasa lile nililoficha. Nilipokuwa kijana nilifanya kazi ya kugonga rivati katika karakana ya reli, na kufikia mwaka 1989 daktari alikuwa amekwisha kuniandikia kwamba sauti nyembamba sitazisikia tena maishani. Asubuhi ile ya gari namba tano sikusikia cheni, wala kayamba, wala chochote isipokuwa ngurumo ya injini. Nilimtazama Mbodze usoni, nikasema nimesikia.