Chumvi Imeingia

Mativo, funga mlango huo, na ukishaufunga ukae mahali nitakaposikia pumzi zako. Wanza, usiniinamie hivyo kama maiti, bado sijafika huko. Aoko, mama, acha maharagwe yachemke yenyewe huko nyuma ya pazia, njoo ukae hapa kitandani. Na mtu asiniondolee hiki kipande cha kamba mkononi, waacheni wazee wachezee vitu vyao.

Sikilizeni, wanangu. Kabla sijasema neno, kila mmoja aweke mkono juu ya blanketi hili aape kwamba nitakayosema leo hayatavuka kizingiti cha nyumba hii, hayatafika kanisani, hayatafika kwa jirani. Semeni, naapa. Mativo, sema kama mtu mzima, usimung'unye. Vizuri. Nyote mmeapa. Mimi sijaapa. Jacklyne! Jirani yangu mpenzi, najua umechuchumaa chini ya dirisha langu tangu ulipojifanya unaokota vibanio vya nguo, hebu inuka ulifungue dirisha lote, umwite na Dedan na wale wateja wangu wengine waliokuja na sahani zao, wasogee wasikie. Nimezitoboa siri za mtaa huu mzima wa Jericho, za waume na za wachungaji, halafu nife na yangu tumboni? Huko niendako watanicheka.

Daktari amesema nisiongee sana. Kijana mdogo, ndevu zake ndiyo kwanza zinatafuta njia, ananiambia, "Shosh, pumzika." Nikamwambia, mjukuu wangu, siku utakayonikuta nimenyamaza ndiyo siku ya kuleta jeneza. Akacheka, halafu akaangalia karatasi zake, akaacha kucheka. Basi nimeelewa. Nimeelewa, na bado nitaongea.

Mali yangu si ya kuwachosha. Nyumba hii ni ya kanjo, mali ya baraza la jiji, msiigombanie. Shamba la Makueni lina mawe na wajomba zenu, na sijui kipi kigumu zaidi, waachieni wao. Ninachoacha mimi Nthoki ni kibanda kile cha chakula kando ya barabara ya kwenda Mukuru kwa Reuben, na sufuria kubwa, na mwiko, na namna yetu ya kufanya kazi. Hiyo ya mwisho ndiyo mali yenyewe. Mabati yataoza.

Wajomba zenu walipiga simu juzi kuniambia kibanda kibaki kwa damu, eti Aoko ni mtu wa kutoka nje. Nje ya wapi? Yeye ametoka magharibi, mimi nimetoka mashariki, sote tumekutana Industrial Area tukinusa rangi ya kiwanda kimoja. Mativo, wewe ulikuwa shuleni na Wanza alikuwa bado ananyonya wakati askari wa kanjo walipokuja na lori kutubomolea. Mimi nilikuwa nimejishika kichwa nalia. Huyu Aoko, ambaye nilikuwa nimemchukua majuzi tu aoshe sahani, akageuza sufuria kubwa kichwa chini, akaikalia. Wakamwambia ainuke. Akawaambia, "Mkitaka sufuria, nibebeni nayo." Na mnamwona mwili wake ulivyo! Wakamtazama, wakatazamana, wakapanda lori lao wakaenda. Siku ya pili tulipika juu ya mawe, bila ukuta wala paa, na vibarua wakala wamesimama. Waambieni wajomba, siku hiyo damu yangu ilikuwa Makueni imelala.

Nipe maji, Wanza. Kidogo. Asante. Huyu mtoto hanung'uniki, hata wateja wakizipita chapati zake moto wakipiga kelele kuitisha maharagwe, "Madondo ya Aoko!", yeye huinamisha kichwa tu akaendelea kusukuma.

Wewe Mativo ndiye mwenye kelele. Kampuni yako ya bohari iliwapeleka Machakos kuvuta kamba kwenye nyasi, mkarudi na fulana zimeandikwa Timu Moja, na Jumamosi iliyofuata ukaingia kibandani kwangu ukajitangaza meneja. Ukatupanga mstari. Ukatuuliza tunajionaje baada ya miaka mitano. Nikakuambia najiona kaburini, na wewe unajiona wapi, lakini kwanza shika kile kisu ukate majani ya sukuma. Hukukishika. Mwanangu, sikiliza na uwaambie na mabosi wako: kwetu hakuna asiyekata sukuma. Anayekanda unga leo kesho anateka maji, anayepakua leo kesho anaosha sahani, na mimi mwenye kibanda nilikuwa nikiosha siku yangu ikifika, wateja wananitazama, na sikupungua kimo. Mtu akijua kazi ya mwenzake inavyouma mgongo, hamtukani akichelewa.

Na chumvi. Jacklyne, hii uwaeleze na wa mtaa wa pili. Mikono mingi juu ya sufuria moja huleta balaa, kila mmoja anadhani mwenzake amesahau chumvi, kila mmoja anaongeza. Ndiyo maana kwetu anayetia chumvi huinua mkono akapaza sauti, "Chumvi imeingia!", na wote waliopo, hata wa kuosha sahani, hata mteja mwenye njaa, huitikia, "Imeingia!" Baada ya hapo hakuna mkono unaorudi. Watu wanaotupita barabarani hudhani ni kanisa.

Na anayeharibu chakula, kwa bahati mbaya au kwa makusudi, hula sahani ya kwanza mbele ya wote mpaka aimalize. Akishaimaliza, imekwisha. Hakuna wa kumkumbusha kesho, hakuna kikao. Mnakumbuka nilivyounguza muthokoi, yale mahindi yetu ya kukoboa, siku ya mazishi ya baba yenu? Niliila nikilia, na Aoko akaniambia tu, "Dada, tafuna." Kesho yake tukafungua kama kawaida.

Sasa hayo yote mmeyavunja nikiwa hapa kitandani. Nilipoacha kwenda kibandani maharagwe yakaanza kuwa makali kwa chumvi. Dedan, wewe si ndiye uliyesema, "Shosh, leo tumepikiwa na magadi"? Aoko alikuwa ametia chumvi, alikuwa ameita, nyote mliitikia, na bado chakula kikawa hakiliki. Akala sahani ya kwanza. Hakujitetea. Siku nyingine ikawa vilevile, akala tena. Vibarua wakaanza kuvuka barabara kwenda kwa yule mama wa mihogo. Ndipo meneja wetu akaitisha kikao na fulana yake, akamsomea Aoko makosa aliyokwisha kuyala! Aoko akavua aproni, akaikunja, akaenda zake Mukuru, na hakuniambia, niliambiwa na Jacklyne, Mungu ampe maisha marefu na masikio.

Mimi namjua Aoko. Mwanamke huyu hata akipiga chafya huwatangazia watu. Hawezi kutia chumvi mara mbili kimya kimya. Kwa hiyo kuna mkono mwingine. Ndiyo, Mativo, geuza uso. Nimesema mkono.

Leo nimemwomba arudi apike mara moja tu. Mmesikia wenyewe akiita, nami nikaitikia kutoka kitandani mpaka nikakohoa. Basi huu ndio wosia wangu, hata mkikasirika. Wateja hawa watakula maharagwe yale. Yakiwa mazuri, Aoko anashika mwiko, na kibanda ni cha watu watatu, Aoko, Wanza na Mativo, sawa kwa sawa, damu na isiyo damu. Yakiwa mabaya, Aoko amenishika mkono akaniambia hatapikia nyumba hii tena maishani, na mimi simlaumu. Na bila yeye mtafunga kabla nyasi hazijaota juu yangu, nawaambia, nyinyi wawili hamjui hata kununua maharagwe soko la Muthurwa bila kuuziwa yaliyotobolewa na wadudu.

Msiniambie ninawatenga. Ninawafunga pamoja, tena kwa nguvu. Mativo ana mdomo, apeleke mdomo wake kwa wateja na kwa kanjo, asituletee sisi. Wanza ana subira. Aoko ana ulimi wa kujua chakula kimeiva. Mkigombana, gombaneni asubuhi kabla moto haujawaka, kwa sauti, na jina la mtu litajwe. Kunung'unika jikoni ni marufuku. Mwenye kinyongo akilete mezani tukione sura.

Nizikeni Lang'ata, karibu na baba yenu, mnipeleke asubuhi ili wateja wapate chakula cha mchana. Msifunge kibanda kwa sababu yangu. Nitawasikia.

Pumzi... ngojeni. Aoko, niinue kidogo. Hapo.

Sasa fumbeni macho niwabariki. Wote, na huko nje vueni kofia. Jacklyne, nawe jaribu, ingawa tangu nikujue hujawahi kufumba macho kwenye maombi.

Mungu uliyenilisha kwa jasho na moshi... nakuachia hawa. Mpe Mativo masikio makubwa kuliko fulana yake. Mpe Aoko nyumba ambayo hakuna atakayemwita wa nje. Mpe Wanza wangu, aliyenifulia mashuka haya bila kununa... mpe watu wa kumwita na yeye kwa jina. Wape mikono isiyoshindana juu ya sufuria moja. Wape...

Ngojeni. Msifumbue. Hicho ni kifuniko cha sufuria. Macho yangu ni ukungu lakini masikio bado ni ya mtaa huu.

Aoko? Mkono wako ndio huu. Mativo? Mativo, uko wapi? Uko hapo. Nakusikia unavyohema. Nami nilikuwa na hakika ni wewe, mwanangu... nilikuwa na hakika kabisa.

Basi fumbueni macho. Mlidhani kamba hii ni uzee? Imefungwa kwenye pazia. Haya!

Limeanguka. Naona mtu amesimama jikoni, naona mkono juu ya sufuria, naona kama kijiko. Jacklyne, niambie ni nani. Jacklyne? Mwanamke wewe, leo ndiyo umekosa la kusema? Dedan? Jina la mtu litajwe!

...Wanza?

Usikiangushe kijiko. Na usikimbie, watu wamejaa mlangoni. Kumbe kila walipomwita Aoko ulikuwa unahesabu, mwanangu, na mimi nikadhani ni subira.

Hapana, Mativo, kaa chini. Hakuna kikao. Aoko, maharagwe yako yalikuwa mazuri, nyumba nzima imeona, mwiko ni wako. Mpakulie. Sahani ya kwanza ni yake, aile yote hapa mbele yetu, na kesho alfajiri awe kibandani na nyinyi, na atakayemkumbusha nitamtokea ndotoni.

Lakini kwanza, Wanza, fanya kama nilivyokufundisha. Inua mkono. Sauti itoke, wale wa nje wasikie... Pumzi yangu haitoshi kukungoja sana, mama. Sema imeingia, tukuitikie.