Usimwambie Twende

DEVOTA: Haloo? Haloo, nani mwenzangu?

NDAYISENGA: Ni mimi, dada. Ndayisenga. Nimeazima simu ya jirani hapa kambini. Shikamoo.

DEVOTA: Marahaba— afadhali umepiga! Mama kagoma kuinuka.

NDAYISENGA: Kagoma vipi?

DEVOTA: Yuko uani kwenye kiti tangu asubuhi. Kajikojolea, jua lote linamwishia kichwani. Nikimshika makwapani anajikaza kama gogo. Kaning'ata mkono, Ndayi! Mama yetu huyu, ambaye hata kuku alikuwa hamrushii jiwe.

NDAYISENGA: Pole, dada. Shemeji Gideon yuko wapi?

DEVOTA: Yuko nyuma ya mlango, anachungulia. Ataanzaje kumshika mkwe wake? Hata mkono hawapeani! Kamwita Selestini na mwenzake, wale wanaobeba magunia ya dagaa pale sokoni Katonga. Wanakuja kumnyanyua juu kwa juu.

NDAYISENGA: Wazuie! Wata— (simu inakwaruza) —bega, nyonga—

DEVOTA: Unakatika! Unasemaje?

NDAYISENGA: Watamvunja! Zahanati ya huku walitufundisha, mzee mwenye ugonjwa wa kusahau havutwi mikono. Hebu niambie, wewe ulimwambiaje ulipotaka kumwinua?

DEVOTA: Si Kirundi chetu tu? "Haguruka, tugende." Inuka, twende.

NDAYISENGA: Dada.

DEVOTA: Nini wewe?

NDAYISENGA: Siku tuliyokimbia kule nyumbani mimi nilikuwa mgongoni kwa mama. Wewe ulikuwa unaelewa. Nani alimwambia mama maneno hayo?

DEVOTA: ...Baba.

NDAYISENGA: Na baba mwenyewe hakufika—

DEVOTA: Najua! Usinimalizie. Yesu wangu. Nimemfokea hivyo sikioni asubuhi nzima.

NDAYISENGA: Hukujua.

DEVOTA: (kwa sauti) Selestini, ishieni hapo hapo! Nimesema ishieni hapo, asiguswe! (kwenye simu) Wameshafika hawa. Nifanyeje?

NDAYISENGA: Usimwambie twende. Hataki kwenda popote. Ila mgeni akiingia, umewahi kumwona mama anamsalimia amekaa?

DEVOTA: Thubutu! Hata awe mgonjwa, atasimama.

NDAYISENGA: Basi toka nje, bisha hodi, ingia kama mgeni.

DEVOTA: Mimi? Kwangu mwenyewe? Mimi ni mwanawe, Ndayisenga!

NDAYISENGA: Leo kakuitaje?

DEVOTA: Hajaniita.

NDAYISENGA: Na jana?

DEVOTA: Niache. Niambie cha kufanya.

NDAYISENGA: Futa kwanza chini asiteleze. Kandambili mvue.

DEVOTA: Nimeshafuta. Yuko peku.

NDAYISENGA: Mjie kwa mbele, akuone. Inama, macho yenu yawe sawa. Miguu yake irudi nyuma kidogo, chini ya magoti. Kile kiti kina mikono, si ndiyo? Ajisukume hapo mwenyewe. Shingo yako usimpe aning'inie, mtaanguka wote. Na neno moja moja, dada, usimwagie maneno kama mnadani.

DEVOTA: Eti mnadani! Haya, simu naitia kwenye kanga hapa kifuani. (mbali) Hodi! Hodi, wenyewe! ...Amahoro, mama. Amahoro.

(Jogoo anawika.)

NDAYISENGA: Vipi?

DEVOTA: Sss! Ananiangalia... Ndiyo mama, mgeni. Mguu huu, taratibu. Na huu... Anatafuta mikono ya kiti. Anainamia mbele— Ndayi, anainuka!

NDAYISENGA: Usimvu—

DEVOTA: Simvuti! Kasimama. Kasimama mama! Anayumba— nimeshamkinga kiunoni. Katulia.

NDAYISENGA: Mungu mkubwa. Mwache asimame kwanza, asipige hatua mara moja. Dada, vocha ya watu inakata—

DEVOTA: Kanikumbatia. Anacheka, Ndayi, na meno yake mawili yale. Ananiuliza nimetoka mbali?

NDAYISENGA: Si umjibu?

DEVOTA: Ananiuliza mama yangu hajambo.

(Simu inakwaruza.)

NDAYISENGA: Dada? Dada Devota, upo? Mjibu basi, atakaa tena.

DEVOTA: (polepole) Hajambo, mama. Mama yangu hajambo kabisa. Anakusalimu sa—

(Tuu. Tuu. Tuu.)