Mapazia Yanatafuta Nyumba

Benchi la kona lina miguu mitatu na tofali, na asubuhi hiyo lilibeba wanaume watatu na ufunguo mmoja. Ufunguo ni wa nyumba inayouzwa mtaa wa nyuma. Dalali alimwachia Futi, fundi cherehani asiyevua futi yake shingoni hata akila, akamwambia bila kupindapinda: jibu kabla ya saa sita, mteja mwingine yuko njiani. Pesa ipo, hilo lisikusumbue. Limekosekana neno moja tu, ndiyo au hapana, na Futi alikuwa akikizungusha kikombe cha kahawa kana kwamba neno limezama humo.

– Nyumba usiikague jua likiwaka, akaanza Dobi. Nenda na mvua. Halafu tazama kamba za nguo. Suruali za majirani zikiwa na tope magotini, ujue huko watu wanaogelea kwenda dukani.

– Elimu ya sabuni hiyo! akadakia Kipara, kinyozi. Mnyoe jirani. Mtu mwenye wembe kooni hadanganyi.

– Futi hanyoi watu.

– Basi ampime suruali. Pini kiunoni nayo ni wembe.

Wakacheka. Futi alitabasamu kwa adabu tu, macho kwenye ufunguo.

– Na paa likivuja? akauliza muuza kahawa, akimimina.

– Nunua mbio! Haba na haba hujaza kibaba, akasema Dobi. Maji ya kufulia bure, chumbani kwako.

– Mimi nasema usinunue nyumba, nunua jirani, Kipara akapanda juu zaidi. Ukimpata mwema, unahamia kwake. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

– Apone vipi, nawe umemkalia?

Muuza kahawa akamgeukia Futi.

– Kaka, hii yako inavuja?

– Haivuji.

– Majirani wabaya?

– Walinitolea kiti.

– Sasa?

– Madirisha yako chini. Mapazia yataburura sakafuni, shibiri nzima.

Mapazia hayo wote waliyajua. Mke wa Futi aliyashona wiki aliyoondoka kwenda nchi ya watu, kulea wazee wasio wake. Cherehani aliiacha, upindo aliushona kwa mkono, polepole, kama mtu asiyetaka kumaliza. Akasema: "Tafuta nyumba. Nikirudi niyakute yametundikwa." Miaka imekwenda, na Futi amepima madirisha ya mji mzima. Hili fupi, lile pana. Zamani kila simu mkewe aliuliza, "Umepata?" Siku hizi anauliza, "Umekula?"

– Subira huvuta heri, akasema Dobi.

– Huyu ameivuta mpaka kamba imekatika, akasema Kipara.

Hapo akafika mama mmoja, mgeni kabisa, na suruali ya shule ya mtoto mkononi.

– Hodi jamani. Fundi wa kupunguza nguo ni nani?

Wakamwonyesha kwa videvu. Futi akaipokea suruali, na mikono yake ikajua la kufanya.

– Shibiri moja hii.

– Ndiyo. Babake kaituma toka huko aliko, kakisia tu.

Alipokuwa akisubiri, kijiwe kikamsimulia yote, kila mtu akimkata mwenziwe: nyumba, ufunguo, mapazia. Mama akasikiliza mpaka mwisho.

– Sasa baba, si uyapunguze?

Kipara akakumbuka ana mteja, na kiti chake kitupu tangu asubuhi. Muuza kahawa akainamisha birika. Likatoa tone, likakoma.

Futi akaukunja upindo wa suruali, akatia pini.

– Mama, babake akirudi akute imekatwa, atasemaje?

– Arudi tu.

Futi akauchukua ufunguo, akasogea pembeni, akapiga simu. Iliita sana. Kisha sauti ya mbali, yenye usingizi:

– Umekula?

– Nimepata, akasema Futi.